Suruali Iliyokwenda na Maji

Mabanga, Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Nanjala, mayi wangu, binti yangu,

Sasa hivi uko Bokoli unamuaga kukhu, bibi yako, na najua utarudi jioni na jogoo mzima kwapani na baraka za kutosha ukoo wote. Mama yako ameshakuambia habari ya blanketi, maji ya kuchemsha na kufunga mlango. Khocha wako, kaka wa mama yako, amekuambia habari ya wanaume, ingawa sijui aliwachunguza lini, yeye ambaye hata kioo hukiangalia mara moja kwa mwaka. Kwa hiyo hayo mimi nayaruka. Si kazi ya mtu wa kiwango changu.

Kiwango changu unakijua. Shule niliiacha darasa la sita, lakini dunia nimeizunguka yote nikiwa Kitale, ndani ya banda la video. Nimeona Wachina wakiruka juu ya mapaa. Nimeona Wahindi wakiachana kwa mvua huku wakiimba, wazungu wakirushiana keki usoni, keki nzima bana, na hakuna aliyelamba hata kidole. Na sikuona tu. Niliyaeleza yote hayo kwa Kiswahili, papo kwa papo, maiki mkononi, watu wamebanana mpaka mlangoni. Walikuwa wananiita Profesa. Siku moja askari alikuja kunikamata kwa sababu ya kelele, akasimama mlangoni asikilize kidogo, mwishowe akaomba kiti.

Lakini leo sikuandikii ili nijisifu. Nitajisifu njiani, maana sijui kuandika namna nyingine, ila sababu ni kitu nilichokisikia jana.

Ulikuwa nyuma ya jikoni umeshika mwiko kama maiki, unafanya mazoezi ya kipindi chako cha kwanza. Nikasimama kando ya ukuta, kifua kimenijaa. Jumatano asubuhi, kwa redio, huko Nakuru, sauti ya mtoto wangu itaingia kila nyumba yenye chai motoni! Nani mwingine hapa Mabanga amezaa sauti kama hiyo? Kisha nikakusikia ukisema: "Wasikilizaji, leo tunaanza na hadithi ya Mama Suruali, mwanamke aliyebishana na televisheni mpaka akapata bwana!"

Nikacheka. Halafu nikaondoka pale ukutani bila kukuita.

Hadithi hiyo umeitoa kwangu. Nimekusimulia tangu ulipokuwa unakaa kwa goti langu. Ati kulikuwa na picha moja ya zamani ya kuchekesha, nyeusi na nyeupe. Ati mama yako akasimama katikati ya watu akanibishia. Ati nikamtania kwa jina la Suruali, banda zima likavunjika mbavu, naye akanipenda hapo hapo kwa sababu ya ucheshi wangu. Ni hadithi tamu. Lakini hebu jiulize, umewahi kumwona mama yako akiicheka? Hata mara moja? Mimi nikianza, yeye huinuka. Anasema anaenda kuangalia moto, hata siku ambazo hakuna kitu motoni.

Haikuwa hivyo, Nanjala. Na kabla hujalipeleka jina hilo kwa maiki kubwa kuliko yoyote niliyowahi kushika, nataka uijue ilivyokuwa.

Banda lilikuwa la Mzee Hamisi, hatua chache kutoka msikitini. Mabati juu, mabati kando, televisheni moja juu ya meza, na deki ya kanda iliyopigwa ngumi kila ikikwama. Picha nyingi zilikuwa za Kiingereza, na watu wengi pale Kiingereza hawakuwa nacho. Basi kazi yangu ilikuwa kupunguza sauti ya wazungu na kuweka yangu. Mzee Hamisi alikuwa na sheria mbili tu. Hakuna sigara. Na muadhini akianza kuadhini, picha inasimama pale pale ilipofika, watu wote kimya, mpaka adhana iishe. Kama Mchina yuko hewani, atangoja hewani. Mkristo, Mwislamu, mlevi, wote tuliizoea sheria hiyo, na hakuna aliyewahi kuivunja.

Sasa nikwambie siri ya ufundi wangu. Kiingereza changu kilikuwa cha kuulizia choo. Naona mdomo wa mzungu unapinda, nakisia. Nikikosea, nakosea kwa sauti kubwa, na watu wanasadiki. Tena kulikuwa na majivuno mawili yaliyonitofautisha na watangazaji wengine wote wa mabanda ya Kitale. La kwanza, sikuwahi kuangalia picha kabla ya kuionyesha. Niliona ni kazi ya waoga. La pili, nilitangaza nikiwa nimegeuzia televisheni mgongo. Ndiyo, mgongo! Naichungulia mara moja, nageuka, naongea nikiangalia nyuso za watu. Niliona kwamba picha halisi ni mimi, na ile ya kwenye kioo inanisindikiza tu.

Jumapili moja Mzee Hamisi akaleta kanda aliyoipata sokoni kwenye gunia la mitumba. Nyeusi na nyeupe, ya zamani sana. Watu wakanung'unika kuwa haina rangi. Nikawaambia, "Rangi nitaweka mimi. Kaeni."

Ilikuwa habari ya dobi kubwa, jumba zima la kufulia nguo, na mwenyewe ni bwana mmoja mnene, masharubu yamepinda kama pembe za fahali. Nikambatiza Bwana Kitambi. Anatembea katikati ya wafuaji amevaa glavu nyeupe, anapitisha kidole kwenye rafu akitafuta vumbi, na wanawake wanatetemeka. Mara anakanyaga sabuni. Anateleza kuanzia mwanzo wa jumba mpaka mwisho, miguu juu, anatumbukia kwenye birika kubwa la maji ya kufulia. Banda likalipuka! Nami, kama kawaida yangu, nikageuka kuwaangalia wanavyocheka, nikaanza mbwembwe zangu za kitambi na birika.

Nilipogeuka tena kuchungulia, Bwana Kitambi amesimama na chupi tu, suruali hakuna. Na pale kando mtu mwingine, msimamizi, amevaa tai, anamnyooshea kidole mfuaji mmoja mrefu mwembamba na kumfokea. Sikuwa nimeona kilichotokea katikati. Lakini mwenye tai ananyoosha kidole, na anayenyooshewa ana aproni iliyochanika. Ningeuliza nini tena? Nikapaza sauti: "Mwizi huyo! Ameiba suruali ya bosi! Mshikeni!"

Kuanzia hapo, kila yule mwanamke mrefu akitokea, banda lote linapiga kelele, "Mwizi! Mwizi!" Saa nzima. Nilikuwa najisikia mfalme.

Nyuma kabisa, karibu na mlango, walikuwa wamekaa mama fua, wale wanaofulia watu nguo majumbani, kutoka mtaa wa Kipsongo. Jumapili mchana ndiyo ilikuwa nafasi yao pekee ya kukaa chini juma zima. Mmoja wao akasimama. Mwembamba, mrefu, leso ya kijani kichwani. Akasema, na sauti yake haikuhitaji maiki:

"We bwana, suruali imeenda na maji! Imetoka kwa ule mfereji pale kwa pembe. Kwani macho yako yako mgongoni?"

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema, ngoja turudishe kanda. Mimi nilisema hivi, na naandika yote maana nimeanza: "Mama, kaa chini. Unamtetea sana huyo mwizi. Ama suruali umeivaa wewe?"

Nanjala, sijawahi kupata kicheko kama kile. Watu walianguka kutoka kwa mabenchi. Mtu mmoja akaita, "Mama Suruali!" na banda zima likaitikia. Yule mwanamke akabaki amesimama kwa muda, akiwaangalia. Hakuwa akiniangalia mimi, aliwaangalia wale wenzake aliokuja nao, maana wao pia walikuwa wanacheka. Kisha akatoka.

Majuma matatu baadaye nilikuwa napita Kipsongo, nikamwona amekaa nje ya nyumba, mikono imelala mapajani. Siku ya kazi, saa nne asubuhi. Nikafurahi kumwona. Kwangu mimi nilikuwa nimemfanya mtu maarufu.

"Suruali! Sasa?"

"Umeniita nani?"

"Si ni jina lako la usanii! Kitale yote inakujua."

Akaniangalia kama mtu anayeangalia doa, anapima kama litatoka. "Inanijua, ndiyo," akasema. "Soja wa geti la Madamu ninayemfulia alikuwa kwa banda siku hiyo. Akaenda akamwambia Madamu kama mchezo, ati mama fua wako wanamwita mwizi kwa video. Madamu akacheka. Kesho yake akatafuta blauzi hakuiona. Hakucheka tena. Hilo jina lako la usanii limenifungia mageti matatu ya kazi."

Nikajaribu: "Lakini ulikuwa utani tu."

"Wako ndio ulikuwa utani. Nenda uangalie hiyo picha ukiwa umefunga mdomo. Ukimaliza ndio uje uniambie nani mwizi."

Nikaenda zangu nikijifanya nimekasirika. Lakini Jumatatu asubuhi, banda likiwa tupu, nilimwomba Mzee Hamisi ufunguo. Nikaweka kanda, nikakaa kwa benchi la mbele, maiki nikaiacha kwa meza. Ilikuwa mara ya kwanza maishani nimeangalia picha bila kuongea.

Na pale ilikuwa! Nikiwa nawageukia watu na mbwembwe zangu, suruali ya Bwana Kitambi ilikuwa inaelea kwenye birika, imejaa hewa kama mtu mnene anayeogelea. Ikazunguka mara mbili, ikaingia kwenye mfereji wa maji machafu, ikatoka ukutani, kwaheri. Pembeni kabisa ya kioo, ndogo, lakini iko. Na yule mwanamke mrefu yuko upande mwingine wa jumba anakamua shuka. Msimamizi mwenye tai alikuwa amesinzia. Aliamka akaogopa lawama, akanyoosha kidole kwa wa kwanza aliyemwona asiyeweza kujibu. Nami nilikuwa nimemwamini kwa sababu ya tai.

Ningezima hapo, lakini picha ilinishika. Wacha nikwambie utamu wake, maana nataka siku moja uitafute uione. Bwana Kitambi bila suruali hatambuliki. Askari wa geti anamwona mtu mnene na chupi, anamrudisha ndani kwa wafanyakazi, anavalishwa ovaroli, anapewa kazi. Yule mrefu anamfundisha kukamua shuka, huyu anashika huku, yule kule, wanasokota. Lakini Kitambi hajui kusimama mahali pamoja, anazunguka na shuka mpaka inamfunga yeye kama chapati. Saa ya chakula anapewa supu ya maji matupu, kajani kamoja kanaelea. Anapiga meza: mpumbavu gani amepanga watu wale hivi? Wote wananyamaza. Mrefu anamwonyesha ukutani kuna picha kubwa ya mwenye dobi. Kitambi anaiangalia picha. Anaangalia supu. Anaiangalia picha tena. Anashusha masharubu polepole ndani ya bakuli anakunywa yote.

Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Na mwisho wake! Wafanyakazi wamechoka, wanaandamana mpaka ofisi ya bosi, na anayetangulia, amevimba kwa hasira kuliko wote, ni Kitambi mwenyewe. Anabisha mlango kwa ngumi. Toka nje! Toka ujibu! Anabisha, anabisha, ngumi inabaki hewani. Amekumbuka. Ule uso, mayi. Anawageukia wenzake, anaugeukia mlango. Mwishowe anaufungua, anaingia, anaufunga. Kimya. Kisha anatoka tena kwa mlango ule ule, sasa yeye ndiye bosi, anakohoa na kuanza kujibu yale aliyokuwa akidai mwenyewe. Na la kwanza analosema, akinyoosha kidole kwa mfereji, ni kuhusu suruali. Mrefu hakuiba.

Nilikuwa nacheka, na machozi yaliyokuwa yananitoka hayakuwa ya kicheko peke yake. Picha nzima ilikuwa imetengenezwa ili watu wamcheke mwenye glavu, na mimi, kwa mdomo wangu, nilikuwa nimeipindua wakamcheka mfuaji.

Nikarudi Kipsongo mbio, nikauliza jina lake kwa majirani. Nikamkuta pale pale. Nikainama kidogo, nikasema kwa sauti ya chini, kwa adabu, "Nafula, nimeona. Nisamehe."

Akasema, "Ulinitukana na maiki. Usiniletee samahani ya kunong'ona."

Ndiyo maneno niliyoyaficha miaka hii yote.

Mzee Hamisi nilipomwomba turudie picha, alishika kichwa. "Profesa, ile ile? Isiyo na rangi? Watatuvunjia mabati!" Nikamwambia waingie bure, na mimi nitafagia banda na kuteka maji ya kutawadhia wateja wake mpaka Ramadhani ifike. Akanitazama, akasema, "Kumbe ni jambo la heshima ya mtu. Basi rudia."

Kumleta Madamu ndio ulikuwa usanii wa kweli. Nilisimama nje ya geti lake nikimsimulia soja ile ya supu, kwa sauti, na vitendo, masharubu nimeyachora kwa makaa. Mara ya kwanza pazia likasogea. Mara ya pili likafunguka. Siku ya tatu Madamu akatoka mwenyewe, anacheka. "Na halafu?" akauliza. Nikamwambia, halafu iko Jumapili, banda la Mzee Hamisi, kiti chako kiko mbele, na soja uje naye.

Jumapili banda lilijaa kuliko siku zote, maana cha bure kina masikio mengi. Madamu mbele kwenye kiti cha kitambaa. Soja kando yake, kofia kwa goti. Mama fua nyuma, na Nafula mlangoni, hakutaka hata kukaa. Nilikuwa nimejipangia hotuba nzito. Hapa ningependa kukuambia kwamba kilichofuata nilikipanga. Uongo. Ningekuwa nimekipanga ningekuonyesha na karatasi.

Bwana Kitambi akakanyaga sabuni. Akateleza, akatumbukia. Suruali ikatoka, ikaelea, ikavimba. Nikavuta pumzi niseme, na hapo hapo adhana ya alasiri ikaanza.

Mzee Hamisi akabonyeza deki. Picha ikasimama.

Watu wote kimya. Muadhini anaadhini polepole, sauti nzuri, na pale kwenye kioo, ikitetemeka kidogo, suruali iko mdomoni mwa mfereji, nusu ndani nusu nje. Na upande wa pili kabisa, mbali, yule mwanamke mrefu, mikono yote miwili imeshika shuka. Hakuna wa kueleza. Profesa haruhusiwi kuongea. Waliangalia ile picha kwa macho yao wenyewe, hawakuwa na kitu kingine cha kuangalia. Nikaona shingo moja inasogea mbele. Nyingine. Nikaona soja anageuza kofia mikononi. Nikaona mama fua mmoja anaziba mdomo, anageuka kumwangalia Nafula mlangoni. Mpaka adhana inaisha, kila mtu mle ndani alikuwa amejua, na sikuwa nimesema neno.

Kisha nikashika maiki, nikageukia televisheni kwanza, halafu watu. "Siku ile nilikuwa nimeipa hii picha mgongo," nikasema. "Suruali imeenda na maji. Nafula aliiona, akasema ukweli, nami nikamwita mwizi kwa maiki. Mwongo ni mimi. Jina lake ni Nafula, na Madamu, hata blauzi yako hakuiona."

Wee! Maganda ya njugu yaliniangukia kama mvua. "Profesa bure kabisa!" "Rudi darasa la sita!" Bunzi la mahindi likanipata hapa, juu ya nyusi, na lile kovu nililokuambia nililipata nikipigana na majambazi Malaba, ndilo hilo. Sikukwepa. Nikangoja wamalize, nikasema, "Tuendelee?" Wakaitikia, "Endeleaaa!"

Na niliendelea. Wacha nijisifu sasa, maana hapa nastahili. Sijawahi kutangaza vile tena. Nilisimama kando, uso kwa picha, nikasema tu yale niliyoyaona. Pale kwa supu Madamu alicheka mpaka akapiga magoti yake. Kisha akaacha ghafla, akaangalia chini. Pale kwa mlango sikusema chochote. Bwana Kitambi alipobaki na ngumi hewani, banda lilinyamaza, mtu mmoja akaanza kucheka polepole nyuma, halafu wa pili, halafu mabati yakatingishika. Wa kwanza alikuwa mama yako.

Watu walipotoka, Madamu alimngoja nje. Hakuwa mtu mbaya. Akasema, "Nafula, ile blauzi ilikuwa chini ya godoro. Njoo kesho."

Mimi ningekimbia kushukuru. Mama yako akafunga leso vizuri. "Nitakuja. Lakini kabla sijaloweka, tutahesabu nguo pamoja, mimi na wewe. Nikianua, tunahesabu tena. Ikipungua tutajua imepotelea wapi."

Madamu akafikiri, akasema, "Ni haki."

Wale wengine kutoka Kipsongo walikuwa wanasikia. Jumatatu ile hakuna mama fua aliyegusa maji Kitale kabla nguo hazijahesabiwa mbele ya mwenyewe. Ulipokuwa mdogo ukimwona mama yako hapa akihesabu hata soksi zako kwa sauti kabla ya kufua, ulidhani ni mazoea tu. Mayi, ule ulikuwa ushindi wake, anauhesabu.

Na kunipenda papo hapo? Thubutu. Nilifagia banda, nikateka maji, nikapita Kipsongo kila juma mpaka mbwa wakaacha kunibwekea, ndipo akanikaribisha chai. Na chai yenyewe haikuwa na sukari.

Sasa sikiza. Nilipofika hapo kuandika nilitoka nje. Mama yako alikuwa anaanua nguo zako za safari. Nikamwambia, "Mama Nanjala, mtoto anataka kuisema ile hadithi kwa redio."

"Ipi?"

"Ile ya banda."

Akakunja sketi yako, akaiweka kwa beseni. "Anaijua?"

"Anaijua yangu."

"Basi haijui."

Nikamwambia nimeanza kukuandikia. Akasema nimsomee. Nikasoma yote nimesimama kati ya kamba za nguo, kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Nilipofika kwa mageti matatu akaniinulia mkono.

"Yalikuwa manne. La nne sikukuambia, nilikuwa naona haya. Lilikuwa la binamu yangu."

Miaka yote hii, Nanjala, na bado kulikuwa na geti moja sijui. Hapo juu nimeandika matatu, na kalamu hii haifutiki. Wewe usome manne.

Nikamaliza kusoma. Nikauliza, "Sasa aseme ama aache?"

Akaanua mpaka nguo zikaisha kwa kamba. Kisha akasema, nami nakuandikia hivyo hivyo alivyotamka: "Aseme. Lakini aseme yote, na aanze na wewe umegeuza mgongo. Mimi aniite Nafula, mama fua wa Kipsongo. Na akifika pale mnene anabisha mlango wake mwenyewe, asiharakishe. Anyamaze kidogo, watu wafike wenyewe."

Hiyo ndiyo ruhusa yako, na ni kubwa kuliko kazi uliyopewa.

Jumatano asubuhi nitaitoa redio nje niiweke juu ya ukuta, sauti mpaka mwisho. Nimeshawaalika majirani, na mwalimu wa kwaya, na yule khocha wako mjuzi. Nataka Mabanga nzima inywe chai ikisikiliza jinsi babako alivyokosea, na jinsi mama yako alivyokuwa sahihi tangu mwanzo.

Anayejivuna kwa ajili yenu wawili,

Babako, Wekesa